Nina 38 ya fizikia na nilizimia kwenye kipimo cha malaria. Naweza kuwa daktari?

"Shikamoo Daktari. Mimi ni binti wa miaka 17, nipo kidato cha tatu shule ya kata mkoani Singida. Tangu darasa la nne nasema nitakuwa daktari. Muhula uliopita nimepata Baiolojia 58, Kemia 47, Kiingereza 41, Fizikia 38 na Hisabati 21. Mwalimu wa fizikia ni mmoja shule nzima. Mwalimu wa taaluma ananishauri niache fizikia nihamie sanaa kabla hatujasajiliwa mtihani wa taifa. Baba analima alizeti, anasema udaktari ni wa watoto wa wakubwa. Mjomba anasema bila A tatu hawakuchukui, na hata wakikuchukua unamaliza ukiwa na miaka 30 na zaidi. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mwezi uliopita nilienda zahanati kupimwa malaria, nesi aliponitoboa kidole nikaona damu, nikaanguka. Watu wakacheka: daktari gani huyu? Sasa usiku silali nawaza. Nijitoe mapema nisipoteze muda, au niendelee?"

Marahaba, binti. Nianze na ulichokiweka mwisho, maana naona ndicho kinachokunyima usingizi.

Kuzimia kwa kuona damu si woga. Mtu akiogopa kwa kawaida moyo humwenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Ndiyo maana aliyekanyaga karibu na nyoka haanguki, anatimua. Lakini kwa damu na sindano, miili ya watu wengine hufanya kinyume. Shinikizo hupanda kidogo, kisha mshipa wa fahamu uitwao vagasi hupunguza mapigo ya moyo ghafla, mishipa ya damu ya miguuni inatanuka na damu inatuama chini. Ubongo ukipungukiwa damu kwa sekunde chache tu, masikio yanavuma, macho yanaingia giza, jasho jembamba linakutoka, unaanguka. Ukishalala chini, damu inarudi kichwani na unaamka. Kwa hiyo kuanguka kwenyewe ndiko kulikokurudishia fahamu. Tabia hii ya mwili mara nyingi iko kwenye ukoo. Muulize mama au shangazi zako, usishangae mmoja wao akikiri.

Hili nalijua kwa kulipitia. Mwaka wangu wa tatu chuoni nilianguka chumba cha upasuaji, nikaangukia trei ya vifaa vilivyokwisha kutakaswa. Kazi ikasimama mpaka ikaletwa trei nyingine. Bingwa aliyekuwa akipasua hakunifokea, alisema tu, "Kesho unywe chai kabla ya kuja." Leo nashona vidonda kila wiki.

Na kuna mbinu inayosaidia. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake waliwafundisha watu wa aina yetu kukaza misuli. Unakaa, unakaza mikono, miguu na tumbo kwa nguvu kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie uso unapata joto, kisha unalegeza kwa sekunde 20 hivi bila kulegea kabisa, unarudia mara tano. Misuli iliyokazwa inaisukuma damu kurudi juu, shinikizo halishuki. Fanya mazoezi haya nyumbani kila siku kwa wiki mbili bila damu yoyote. Baadaye anza kujizoesha taratibu: kuku akichinjwa, simama mbali ukaze, siku nyingine sogea. Siku ukichomwa tena sindano, mwambie nesi mapema kwamba huwa unazimia, akulaze kitandani. Hakuna nesi atakayekushangaa.

Lakini kuna kuzimia kusikofanana na huku. Ukianguka ukiwa unakimbia au kucheza, ukianguka bila sababu yoyote ya kuonekana, moyo ukikupiga ovyo kabla ya kuanguka, au kama kwenu kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, nenda kituo cha afya upimwe moyo. Na kama hedhi yako ni nyingi na unachoka kupita kiasi, omba kipimo cha wingi wa damu. Upungufu wa damu huwaangusha wasichana wengi ambao huambiwa ni mapepo.

Sasa tuje shuleni. Mwalimu wako wa taaluma hakuchukii. Anaona D na F, anafikiria divisheni yako na ya shule. Ila ushauri wake una gharama ambayo huenda hakukutajia: ukiacha fizikia leo, unaufunga mlango wa udaktari wa binadamu na pia mlango wa utabibu, maana stashahada ya utabibu inadai ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia kidato cha nne. Wengine watakwambia usiwe na shaka, utakwenda kidato cha tano kusoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia), "ni karibu sawa na PCB," yaani fizikia, kemia na baiolojia. Si karibu sawa. Ni tahasusi nzuri kwa mambo mengine, lakini haikupeleki kwenye shahada ya udaktari. Serikali ilipoongeza tahasusi mwaka 2024 kutoka 16 hadi 65, machaguo yakawa mengi na kupotea kukawa rahisi zaidi. Udaktari bado unadai fizikia, kemia na baiolojia.

Kwa hiyo usiiache fizikia. Lakini pia usiisome kama unavyoisoma sasa.

Mgonjwa akija na malalamiko matano, hatumwandikii dawa tano. Kwanza tunatafuta kama yote yanatoka shina moja. Nimetazama alama zako hivyohivyo. Baiolojia, somo la kueleza, uko vizuri. Kemia inashuka. Fizikia inashuka zaidi. Hisabati iko chini kabisa. Kila somo linapodai hesabu zaidi, wewe unashuka zaidi. Nadhani huna tatizo la fizikia. Una tatizo la hisabati ambalo limehamia kwenye fizikia na limeanza kunyemelea kemia.

Nilipomaliza mafunzo ya vitendo nilikaa mtaani nikisubiri ajira, nikawa nafundisha tuisheni. Nilikuwa nikiuliza: kwa nini aliyevaa viatu vya kisigino kirefu anazama kwenye matope, na mwenye ndala hazami? Darasa zima linajibu vizuri, tena kwa vicheko: uzito uleule umebanwa kwenye eneo dogo. Hiyo ndiyo kanuni ya kanieneo, wameielewa. Kisha naandika ubaoni kanieneo ni kani gawanya kwa eneo, nawapa kanieneo na kani, nataka eneo. Kimya. Hawakushindwa fizikia. Walishindwa kuihamisha herufi moja kutoka upande huu kwenda ule.

Usidhani ukishafika wodini hesabu inakuacha. Mtoto ana kilo 12, ana homa, unataka kumpa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 180. Dawa ya maji uliyonayo ina miligramu 120 katika mililita 5. Utampimia mililita ngapi? Unachukua 180, unagawa kwa 120, unazidisha kwa 5, unapata mililita 7.5. Ni uwiano wa kidato cha kwanza. Anayekosea nukta hapo anampa mtoto mara kumi ya dozi, na parasetamo ikizidi namna hiyo inaweza kuua ini.

Sasa tazama umbali wenyewe. Kidato cha nne, C inaanzia 45. Fizikia yako ni 38: zimebaki alama saba. Hisabati D inaanzia 30, wewe una 21: zimebaki tisa. Unazo likizo na muhula kadhaa mbele yako. Chukua kitabu cha hisabati cha kidato cha kwanza na cha pili, bila kuona haya, urudie mambo machache tu: sehemu na desimali, uwiano na asilimia, vipeo vya kumi, kuhamisha herufi kwenye fomula, na grafu pamoja na mteremko wake. Dakika 40 kila siku, kwa kalamu. Kusoma mfano uliokwisha kufanywa huku ukitikisa kichwa kunadanganya. Unaona umeelewa kwa sababu jibu liko mbele ya macho yako. Funika kitabu, fanya mwenyewe, kisha funua usahihishe. Swali ulilokosa lirudie kesho, na tena wiki ijayo. Ubongo hushika kile ulichokivuta kwa taabu kutoka ndani kuliko kile ulichokipitia mara kumi kwa macho.

Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na ziko bure kwenye tovuti yao. Ndani yake mna swali, walichojibu waliofaulu, walichojibu waliofeli, na kwa nini. Wanafunzi wachache mno huzisoma. Wengi hukimbilia mitihani iliyopita peke yake. Muombe mwalimu au kaka yeyote mwenye simu akupakulie ya fizikia na ya hisabati. Utaona jinsi alama zinavyopotelea kwenye vipimo visivyoandikwa na maswali yasiyoeleweka lugha yake. Hapo ndipo hiyo 41 ya Kiingereza inapoingia. Huhitaji Kiingereza cha redioni. Jifunze kwanza maneno yanayoamuru swali: taja, eleza, kokotoa, linganisha. Ujue kila moja linadai nini kwa Kiingereza, maana aliyeambiwa ataje akaeleza ukurasa mzima amepoteza muda, na aliyeambiwa aeleze akataja amepoteza alama.

Mwalimu ni mmoja, sawa, lakini praktiko nyingi za fizikia hazihitaji jengo. Funga jiwe dogo kwenye uzi wa mita moja, lining'inize, lisukume kidogo. Mibembeo 20, kwenda na kurudi, itachukua kama sekunde 40. Fupisha uzi, pima tena, chora grafu. Umefanya jaribio la pendulamu nyumbani kwenu.

Mjomba wako na A tatu zake sasa. Hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni sifa ya chini ya kuomba, jingine ni ushindani. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo chenye sifa za kila kozi. Kwa udaktari, katika miongozo ya miaka ya karibuni, sifa ya chini imekuwa ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita kwa jumla ya pointi 6, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Yaani D tatu zinakupa haki ya kuomba. Mjomba amekosea.

Ila hajakosea sana. Pointi 6 ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni, na foleni inaanzia kwa mwenye pointi nyingi. Muhimbili, chuo kilichoanza mwaka 1963 kama shule ya udaktari ya Dar es Salaam, huombwa na watu wengi kuliko nafasi zake, na mwenye D tatu pale hana matumaini ya kweli. Nafasi ziko pia Dodoma, Mbeya, KCMC kule Moshi, Bugando kule Mwanza, Ifakara, Kairuki na kwingineko, na ushindani si uleule kila mahali. Kwa kawaida chuo cha binafsi kina foleni fupi na ada ndefu.

Na D ya kidato cha sita si D unayoijua. Kidato cha nne D inaanzia 30, kidato cha sita inaanzia 50. C yake ni 60, B ni 70, A ni 80. Nimeona vijana waliotoka kidato cha nne na B tatu wakadhani wamefika, wakajiachia mwaka mzima wa kidato cha tano, wakatoka na E na S, alama iliyo chini ya E. PCB ni ngumu kweli, sitakudanganya. Fizikia yake inamnyonga asiye na hisabati. Ndiyo sababu nakung'ang'aniza uwiano na fomula leo, ukiwa bado kidato cha tatu na kosa halina gharama.

Umri ni hesabu ya haraka. Ukiwa na miaka 17 sasa, utamaliza kidato cha sita na miaka 20 hivi. Shahada ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijakupa usajili kamili. Ni miaka 26 au 27. Ubingwa ndio unaokuvusha 30, na huo unasomwa na mtu ambaye tayari ni daktari.

Kwa baba, sina jibu jepesi. Anasema anachokiona, na hela ni kikwazo cha kweli. Lakini aambiwe kwamba ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali iliondolewa tangu mwaka 2022. Mtabaki na nauli, godoro na mahitaji ya bweni, ambayo nayo si haba. Chuoni, Bodi ya Mikopo hutazama uwezo wa familia, na mkulima mdogo wa alizeti ndiye hasa aliyewekewa bodi hiyo. Mkopo unaweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Ni deni, si zawadi: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Upo pia ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri sana sayansi kidato cha sita.

Na kuna jambo dogo ambalo nimeona likiwaliza watu: majina. Kabla hujasajiliwa mtihani wa taifa, hakikisha jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye usajili wa shule ni lilelile, herufi kwa herufi. "Mwanaidi" huku na "Mwanahidi" kule, na wakati wa kuomba mkopo utazunguka ofisi na viapo huku tarehe ya mwisho inapita. Kama huna cheti cha kuzaliwa, kifuatilieni sasa, si miaka mitatu ijayo.

Kuna njia ya pili, na sipendi inavyotajwa kama adhabu ya waliofeli. Ukifaulu kidato cha nne lakini C hazikutosha kwenda PCB, unaweza kusoma stashahada ya utabibu miaka mitatu. Tabibu anatibu. Vijijini, mara nyingi yeye ndiye ambaye wagonjwa humwita daktari. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa, afya ikiwamo. Na tabibu mwenye wastani mzuri anaweza baadaye kuomba shahada ya udaktari. Tatizo liko hapa, na wengi hulijua wakiwa wamechelewa: miongozo imekuwa ikimtaka anayepitia njia hiyo awe na angalau D ya kidato cha nne katika fizikia, kemia, baiolojia, Kiingereza na hisabati. Hisabati ile ile yenye 21. Anayetoka kidato cha sita na PCB hadaiwi hivyo, lakini tabibu anadaiwa.

Ukiniuliza mimi: ukipata C tatu, nenda kidato cha tano, ni njia fupi na kwa sasa rahisi kwa mfuko wa baba mpaka ufike chuo. Ukipata D, nenda utabibu ukiwa na D ya hisabati mkononi. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kunawezekana pia, ila nimeona kunafanikiwa kwa anayejua alikosea wapi mara ya kwanza, si kwa anayerudia kwa hasira.

Lazima pia nikwambie kuhusu ajira. Wapo madaktari waliomaliza kila kitu na wanasubiri kuajiriwa, si kwa sababu wagonjwa wameisha bali kwa sababu nafasi zinazotangazwa ni chache. Nami nilisubiri. Anayekwenda udaktari kwa ajili ya mshahara wa haraka atakuja kunilaumu. Hukuniandikia kwa nini unataka kazi hii, na si lazima uniambie. Ila nenda siku moja pale zahanati, siku ya kliniki ya watoto, umuombe mganga mfawidhi ukae pembeni asubuhi nzima. Huyo nesi aliyekutoboa kidole atakukumbuka, na unaweza kumwambia kwamba umejifunza kukaza misuli.

Kuhusu usingizi, silipuuzi hilo. Kama wiki mbili zijazo bado hulali, huli vizuri, huoni raha ya chochote au unawaza kujidhuru, usisubiri barua ya pili kutoka kwangu. Mwone mwalimu wa malezi au mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, akufikishe kituo cha afya. Na mwalimu wa taaluma umrudie pia, safari hii na mpango: mwombe akuache kwenye fizikia mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka, na umuahidi atakiona kitabu chako cha hisabati kila Ijumaa. Walimu wengi hulainika wakionyeshwa daftari.

Nakuachia swali, na ni zoezi la hesabu tu, usimpimie mtoto wa mtu dawa. Mtoto ana kilo 14. Anatakiwa miligramu 15 kwa kilo. Chupa ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Niandikie jibu, na hatua zote ulizopita kulifikia.